Wakulima Kadhaa

Mektilda alijua kuna jambo kwa sababu ya kinu.

Kinu kilikuwa chake, alikuja nacho kutoka kwao Ipililo alipoolewa, lakini kwa miaka sita kilikuwa na nyumba mbili. Siku nyingine kilikaa kwake, siku nyingine kilivuka uwanja kwenda kwa Felisita, mke wa Mboje. Zamu hazikuandikwa popote. Aliyekihitaji alikwenda kukibeba, na akikuta mahindi ya mwenzake humo ndani, alisaidia kuyamaliza kwanza. Asubuhi ile ya Alhamisi alikikuta kimesimama mlangoni pake, kimeoshwa mpaka ndani, mchi umelazwa juu. Mtu anayetaka kukitumia kesho haoshi kinu namna ile.

Akaita kutoka pale pale, "Mwangaluka, Mama Limbu."

Felisita alikuwa anafagia. Salamu aliiitikia, maana salamu haiachwi hewani, lakini aliuitikia ufagio. Kisha akaingia ndani na kuacha takataka zake katikati ya uwanja, na Felisita alikuwa mwanamke ambaye hata kuku akidondosha unyoya anauokota.

Ndani, Joakim, mume wa Mektilda, alikuwa anajinyoa huku anapiga mluzi. Alikuwa ameegemeza gazeti kwenye chupa ya chai mahali ambapo siku zote huegemeza kioo, kwa hiyo alikuwa amejikata mara mbili.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe kununua pamba Bariadi. Kabla ya hapo ulikuwa na chama cha ushirika basi, na redio moja, na magazeti unayahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Sasa makampuni yalikuwa yanashindana kufungua magulio ya pamba, na magazeti nayo yalikuwa yanaota kila mji. Joakim alikuwa anaandikia mojawapo, la Mwanza. Aliandika kwa mkono, akatia kwenye bahasha, akampa kondakta wa basi. Kwa miaka miwili habari zake zilitoka kurasa za ndani, fupi, bila jina lake. Mhariri alikuwa amemwahidi kwamba siku akitoa habari tatu za ukurasa wa kwanza, atapewa kamera. Hii ilikuwa ya kwanza.

Mektilda akamwomba amsomee. Joakim akafuta povu, akasoma kwa sauti ya redio. Kichwa kilisema mizani ya pamba inawaliza wakulima Bariadi. Halafu ikafuata: "Wakulima kadhaa waliozungumza na gazeti hili walidai kuwa mizani inayosimamiwa na karani Mboje haishibi, kwani hata ukiongeza pamba inadidimia bila kutaja uzito wa haki."

Mektilda akakielewa kinu.

"Wakulima gani?" akauliza.

"Kadhaa."

"Nimesikia. Akina nani?"

Joakim akaeleza kwamba gazetini watu huandikwa hivyo ili kuwalinda. Mektilda akasema yeye si gazeti, ni mke wake, na wakulima hao hatawala. Akataka jina moja tu. Joakim akarudi kwenye kunyoa. Akajikata mara ya tatu. Ndipo polepole ikatoka kwamba jina lilikuwepo, ni Mayala, na kwamba Mayala hakuwa amezungumza na gazeti kwa maana ya kuzungumza. Alikuwa ameimba.

Ilikuwa Jumapili, kwenye ngoma. Miezi ile baada ya mavuno Wasukuma hucheza, Wagika upande huu na Wagalu upande ule, na kila upande una mtunzi wake wa kuwatukana wenzao kwa nyimbo mpaka watazamaji wahamie kwake. Mayala alikuwa mtunzi wa Wagalu. Mboje alikuwa mchezaji wa Wagika. Joakim alisimama nyuma na daftari, akasikia Mayala anaimba kwamba mizani ya Mboje haishibi, unaweka inadidimia, unaongeza inadidimia, na watu wote wakaitikia kwa kishindo. Akaona habari imejileta yenyewe. Akakimbilia basi.

"Kwa hiyo wakulima kadhaa ni Mayala," akasema Mektilda.

"Na walioitikia. Walikuwa mamia."

"Walikuwa wanaitikia wimbo, baba Gloria."

Joakim alichukua gazeti kutoka kwenye chupa ya chai, akalikunja, akaondoka na povu sikioni.

*

Kufika saa nne Mektilda alikuwa amesikia yaliyobaki. Wakala wa kampuni, mtu mmoja mpole na mwoga aliyeitwa Januarius, alikuwa amemwondoa Mboje kwenye mizani asubuhi hiyo hiyo. Hakumfukuza. Alimwambia akae pembeni mpaka jambo litulie, na msimu wa kununua pamba una wiki chache tu. Karani aliyekaa pembeni hadi pamba iishe hahitaji kufukuzwa. Mwaka unaofuata hakuna anayemkumbuka.

Mboje alikuwa amesimamia mizani tangu enzi za ushirika, miaka kumi na minne. Kwa kuwa wakulima hawakuwaamini wanunuzi wapya, walikuwa wanauliza kwanza, kwenye mizani yupo nani? Wakiambiwa Mboje, wanashusha mizigo. Sasa walikuwa wanatazama mizani ile ile kama mbwa asiyejulikana, na wengine walikuwa wanageuza mikokoteni.

Mjini, Joakim alipata heshima ya aina yake. Alipoingia kwa kinyozi kumaliza shavu lililobaki, maongezi yalikatika. Mzee mmoja akapiga chafya, na mwenzake akamwonya ajizuie, gazeti limeingia. Kwa muuza nyama aliulizwa kama na mizani ya nyama nayo itaandikwa au itasamehewa. Mtu mmoja aliyekuwa anamsalimia kila siku alimsalimia na kuongeza kwamba hiyo salamu isitoke. Walicheka wote, na Joakim akacheka pia, maana angefanya nini. Ila kicheko chao kilikuwa kinamfuata mpaka barabarani, na chake kilibaki dukani.

Jioni mapema alimkuta Mboje ameketi nje kwake, mikono imelala juu ya tumbo. Mboje alikuwa mtu mnene kweli kweli, tumbo lake linafika mahali kabla yake. Joakim alikuwa amejiandaa kwa matusi. Mboje alimkaribisha kigoda.

Akasema hana ugomvi. Ana swali. "Wewe umekaa hapa miaka sita. Toka mlangoni pako mpaka kwangu ni hatua ngapi?"

Joakim akasema labda ishirini.

"Mimi nimezihesabu leo, sikuwa na kazi. Ni kumi na saba." Mboje akaonyesha barabara kwa kidevu. "Mpaka kwenye basi ni mbali zaidi."

Joakim akaenda nyumbani akizihesabu, hatua kumi na saba.

*

Siku iliyofuata alipanda baiskeli kwenda kwa Mayala. Alimkuta anashona ngozi ya ngoma iliyopasuka, sindano mdomoni. Mayala alikuwa hajui kusoma, na habari za gazeti zilikuwa zimemfikia nusu nusu, kwamba wimbo wake umechapishwa Mwanza. Alikuwa na furaha. Alitaka kujua kama wameandika na beti zile nyingine.

Joakim akauliza, beti zipi?

Mayala akatoa sindano mdomoni. Akaimba, taratibu, akipiga pembeni ya ngoma kwa kidole. Mizani ya Mboje haishibi, unaweka inadidimia, unaongeza inadidimia. Nimeweka ugali, ikasema bado. Nimeweka mbuzi wa harusi ya mwanangu, ikasema bado. Nimeweka supu ya kwato na sufuria yake, ndipo ikasema, niletee na maji ya kunawa.

Joakim alikaa chini juu ya udongo.

"Ni tumbo," akasema.

"Sasa ungekuwa nini? Alikuja kwenye harusi ya binti yangu akala mguu mzima wa mbuzi, na bado Jumapili anacheza kwa Wagika. Nimwache?" Mayala akamtazama vizuri. "Wewe ulikuwepo. Nilikuona na kitabu chako."

"Niliondoka."

"Uliondoka lini?"

"Kwenye 'inadidimia'."

Mayala akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaikumbatia ngoma. Akasema katika maisha yake ameona watu wanatoka kabla ya pombe kuisha, lakini mtu wa kutoka kabla ya mbuzi kuingia, huyu ni wa kwanza. Ndipo Joakim akamwambia kwamba Mboje ameondolewa kwenye mizani, na kicheko kikakatika. Mayala alikuwa anapima pamba yake kwa Mboje tangu akiwa kijana. Akasema ngoma ni ngoma, na kazi ya mtu ni kazi ya mtu, kila mwenye akili anajua hapo katikati pana ua. Akauliza nani ameuvuka.

Joakim akainuka, akapangusa suruali, akasema ni yeye.

*

Posta kulikuwa na simu ya kulipia, na watu wanane mbele yake. Alipompata mhariri, alipiga kelele kwa sababu ya laini, kwa hiyo watu tisa nyuma yake nao walisikia yote. Alieleza wimbo, harusi, mbuzi na tumbo. Upande wa pili kalamu iligongagonga meza kwa dakika nzima inayolipiwa.

Mhariri hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye haraka. Alisema habari imeuza vizuri. Kukiri kosa kwa gazeti changa ni kuwapa wapinzani fimbo. Akashauri njia rahisi: Joakim aandike habari nyingine, kwamba karani amekanusha madai. Hapo karani amepata haki yake, gazeti limebaki safi, na hiyo itakuwa ya ukurasa wa kwanza pia. Ya pili kati ya tatu. Akaitaja kamera, aina yake, na mkanda wa kuvaa shingoni.

Joakim alirudi na wazo hilo nyumbani, akamweleza Mektilda akiwa anachambua mchele. Alilieleza vizuri. Mektilda aliendelea kutoa mawe kwenye ungo, moja moja, akiyatupia mlangoni.

"Amekanusha madai," akarudia. "Madai ya nani?"

"Ya wakulima."

"Wapi hao wakulima?"

Joakim akatazama ungo.

"Mboje akikanusha, maana yake wapo watu wamesema, naye anabisha. Watakaa wanabishana gazetini mpaka pamba iishe, yeye na watu ambao hawakuzaliwa." Akatupa jiwe jingine. "Hao wakulima kadhaa ni wako, baba Gloria. Ulijizalia mwenyewe. Wazike wewe."

Basi akaandika. Aliandika kwenye meza ile ile, na Mektilda akiwa anasikiliza kila mstari. Kila alipoandika "ilidaiwa", Mektilda alimuuliza ilidaiwa na nani, naye akafuta. Mwisho barua ilikuwa fupi. Ilisema kwamba yeye Joakim aliandika wakulima kadhaa walizungumza naye. Hakuzungumza na mkulima hata mmoja. Alisikia wimbo wa ngoma, hakusubiri uishe, na hakumuuliza Mboje, jirani yake wa hatua kumi na saba. Wimbo ulihusu kula harusini. Mboje hakutuhumiwa na mtu yeyote kwa lolote, na yeye anamwomba radhi. Alitia bahasha mikononi mwa kondakta, na safari hii hakukimbia.

Gazeti lilifika baada ya siku tano. Wakalitafuta jambo lao ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tano. Alilipata Mektilda, ukurasa wa kumi na nne, chini ya tangazo la dawa ya mafua. Mistari miwili: "Kuhusu habari yetu ya mizani Bariadi, tunaomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza."

Joakim akalipeleka kwa Januarius hivyo hivyo. Januarius aliisoma mara tatu, akageuza karatasi kuona kama inaendelea nyuma. Nyuma palikuwa na matokeo ya mpira. Akasema kwa upole kwamba hapa haoni jina la Mboje, haoni kosa la nani, na usumbufu wenyewe hajaambiwa ni upi. Mwajiri wake alisoma ukurasa wa kwanza, huu wa kumi na nne hataufikia. Wakulima ndio wanaogeuza mikokoteni. Wakulima wakirudi, Mboje atarudi.

*

Wazo la pili nalo lilikuwa la Mektilda, na lilitoka kliniki. Alisema mtoto akisemwa hakui, watu hawabishani nje ya uzio. Anawekwa kwenye mizani, kadi inaandikwa, mama anaondoka nayo.

Siku ya gulio alimwamsha Joakim asubuhi, akamkataza chai, akampeleka kituo cha afya akiwa amevaa viatu, shati na suruali atakavyoshinda navyo. Muuguzi aliuliza mgonjwa ana nini. Mektilda akasema ana uzito, anaomba uandikwe. Ukaandikwa kwenye kadi na kugongwa muhuri: kilo sitini na moja. Njiani kwenda gulioni Joakim aliomba maji, akanyimwa.

Kwenye gulio la kampuni palikuwa na mikokoteni kama kumi, na wenye pamba wamesimama mbali na mizani, kila mmoja anamsubiri mwingine aanze. Mboje alikuwa amekaa kivulini, pembeni, kama alivyoambiwa. Joakim akapanda juu ya gunia. Tangu asubuhi hakuwa amekula kitu. Akasoma barua yake yote, ile ambayo gazeti lilibakiza mistari miwili. Akasoma kwa Kiswahili, halafu akaisema tena kwa Kisukuma, na kwa Kisukuma ilikuwa ngumu zaidi kwa sababu hakuna pa kujificha. Alipofika kwenye mbuzi watu walianza kucheka. Alipofika kwenye "hakuzungumza na mkulima hata mmoja" hawakucheka.

Mwanamke mmoja, Benedikta, akasema kwa sauti kwamba maneno tumesikia, na yale ya kwanza pia tulisikia. Mizani je?

"Nipimeni mimi," akasema Joakim, akatoa kadi.

Mizani ile ilikuwa ya kuning'inia kwenye boriti, na pamba hufungwa kwenye shuka nene na kutundikwa kwenye ndoano. Wakalitandika shuka, Joakim akaketi katikati na kukunja magoti, wakakusanya pembe nne, wakamtundika. Akainuka hewani na kuzunguka polepole, kichwa kimetokeza juu na kiatu kimoja kimetokeza chini, mtu mzima anayenyoa ndevu, kama mtoto wa kliniki. Vicheko vikaanzia kwa wanawake. Mektilda alikuwa wa kwanza kabisa, na alilazimika kushika mkokoteni wa watu.

Ilikuwa picha ya ukurasa wa kwanza, hakuna ubishi, na hapakuwa na kamera.

Januarius akamwita Mboje asome. Mboje akakataa. Akasema wasome wao, wasome watatu, na wasisimame pamoja. Akaenda Benedikta. Akaenda Marcelo, mzee wa pamba nyingi. Mayala, aliyekuwa amekuja na mzigo wake na kujificha nyuma ya watu, akasukumwa mbele, naye akasema herufi hajui lakini tarakimu za pamba anazijua tangu ujana. Kila mmoja alimnong'oneza Januarius sikioni. Januarius alisikiliza mara tatu, akaitazama kadi ya hospitali, na kwa mara ya kwanza msimu ule akaonekana kama mtu aliyelala vizuri.

"Sitini na moja," akasema. "Wote."

Mkokoteni wa Marcelo ulikuwa wa kwanza kusogea. Lakini Mayala akainua mkono, akasema mizani imeshapona, ila wimbo wake bado unadaiwa ushahidi. Akataka Mboje naye atundikwe. Watu wakapokea. Mboje alibisha kidogo, kwa heshima tu, kisha akavua viatu kama anayeingia kwa watu. Ilibidi waongeze mikono kumnyanyua, na boriti ikalia. Mshale wa mizani ukakimbia, ukapita tisini, ukapita mia, ukasimama mia na nane. Mayala akatunga pale pale kwamba mizani ya kampuni ni ya kweli, ya Mboje ndiyo haishibi, na wakulima wote wakaitikia, na safari hii Joakim alisubiri mpaka mwisho.

Mchana Mboje alikuwa amerudi kwenye kitabu chake, kalamu sikioni.

*

Joakim alimwandikia mhariri habari ya siku ile. Iliwataja wakulima watatu, Benedikta, Marcelo na Mayala, na kila mmoja alisomewa maneno yake kabla ya bahasha kufungwa. Kwa wiki sita haikutoka, wala nyingine yoyote. Ilipotoka ilikuwa ukurasa wa nane, bila jina lake. Mektilda aliisoma kwa kidole, akawahesabu, akakuta wametimia. Kamera haikutajwa tena. Mjini Joakim alibaki na jina jipya, Sitini na Moja, na waliompenda waliongeza, "umekula leo?"

Ila siku ile ile ya gulio, walipokuwa wamerudi na Joakim anakunywa uji wa pili, Felisita alivuka uwanja na kusimama mlangoni. Alitazama kinu, si Mektilda. Akasema amekuja kukichukua, kuna mahindi kadhaa anataka kuyatwanga.

"Kadhaa," akasema Mektilda kutoka ndani. "Ndiyo mangapi?"

Felisita alijaribu kukaza uso. Ulimshinda kuanzia pembe za mdomo.

"Debe moja, Mama Gloria," akasema. "Njoo uhesabu."

Mektilda akashika upande mmoja wa kinu, Felisita upande mwingine, wakakivusha.